Picha za Shanghai hazikuchorwa kwa ajili ya wasiojua kusoma

Juni 1884 gazeti la Shenbao la Shanghai lilitoa tangazo la kuwaita wachoraji. Aliyeona jambo la ajabu au la kufurahisha, popote pale nchini China, alitakiwa alichore kwa wino mpya uliokolea, kwenye karatasi nyeupe safi, aandike na kisa chenyewe, kisha apeleke ofisini. Picha ikifaa, malipo ni dola mbili za fedha. Kwa mchoraji wa mtaani aliyezoea kuuza picha za kubandika ukutani mwaka mpya unapoingia, hiyo haikuwa hela ya kudharau.

Picha hizo zilitakiwa na jarida lililokuwa na umri wa mwezi mmoja tu, Dianshizhai huabao. Huabao ni gazeti la picha. Dianshizhai ni chumba cha kugusa jiwe, jina lililochezea msemo wa Kichina wa mtu anayegusa jiwe likageuka dhahabu, na papo hapo likiitaja mitambo yenyewe, kwa kuwa jarida lilichapwa kwa mawe. Mwenye mali alikuwa Mwingereza, Ernest Major, aliyekuwa mfanyabiashara wa chai kabla hajaingia kwenye magazeti. Shenbao alilianzisha mwaka 1872. Jarida la picha lilitoka kila baada ya siku kumi hadi 1898, likafikisha matoleo 528 na picha zaidi ya 4,000.

Kila jarida hili linapozungumzwa, hukosi kusikia kwamba lilikuwa la wasiojua kusoma: wanawake, watoto, makuli wa bandarini. Maneno hayo yanapendeza kwa kuwa yanaifanya picha kuwa uji wa mgonjwa, chakula cha asiye na meno, na maandishi kuwa ugali wa wazima. Niliyaamini muda mrefu. Siku hizi, kadiri ninavyozitazama kurasa zenyewe, ninaona hayasimami.

Chukua ukurasa wowote. Sehemu kubwa ni picha ya mistari myembamba: barabara, nyumba ya chai ya ghorofa, watu wameinama kwenye roshani kutazama ugomvi ulio chini. Juu, mahali ambapo mchoraji mwingine angeacha mbingu tupu, pamejaa herufi, safu kwa safu, kutoka kulia kwenda kushoto. Lugha yake si ya sokoni. Ni Kichina cha kale cha wasomi, kile cha mitihani ya serikali, na hakina alama za kukuonyesha sentensi inaishia wapi. Maelezo yakimalizika, mwisho kabisa kuna muhuri mdogo kama ule ambao mwenye mali hugonga kwenye kitu chake, na ndani yake maneno machache: hukumu ya mhariri, mara kejeli, mara nasaha. Asiyejua kusoma ataona farasi ameanguka na watu wamejaa. Mwenye kosa ni nani, ni mji gani, na kwa nini mhariri anacheka, hayo yote yako kule juu mbinguni, kwenye herufi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, ambao wengi huupita bila kuutazama, ni namba za majuzuu. Jarida halikuhesabu moja, mbili, tatu. Juzuu kumi za mwanzo zilipewa herufi kumi zinazotumika katika kalenda ya Kichina, kumi na mbili zilizofuata zikapewa herufi za mzunguko wa miaka kumi na miwili. Baada ya hapo zikaja nane za vitu vinavyotengenezewa ala za muziki katika maandiko ya kale: madini, jiwe, hariri, mwanzi na wenzake. Kisha sita za fani ambazo muungwana wa zama za mwanafalsafa Confucius alipaswa kuzimudu, zikiwemo kulenga mshale na kuendesha gari la farasi. Kisha nne za mafundisho ya Confucius, na nne zinazofungua kitabu cha kale cha kupiga ramli. Jumlisha: juzuu 44, kila moja matoleo 12, ndiyo yale 528. Mtu wa kujua kwamba juzuu yenye herufi ya "hariri" inafuata ile ya "jiwe" ni yule aliyekaa darasani miaka, akachapwa, akakariri. Ukiuza bidhaa yenye hesabu ya namna hii, mnunuzi wako unamjua vizuri.

Na bei? Toleo moja lilikuwa senti tano za dola ya fedha, mara kadhaa ya bei ya gazeti la kila siku, lililouzwa kwa sarafu chache za shaba. Kuli hanunui.

Sasa hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu mtu atasema: basi jarida lilikuwa la wasomi wakubwa, yamekwisha. Hayajakwisha. Tatizo liko kwenye neno lenyewe, "kujua kusoma", tunavyolitumia kama mlango, ama uko ndani ama uko nje. Mwanahistoria Evelyn Rawski alikadiria mwaka 1979 kwamba katika China ya karne za 18 na 19 kati ya asilimia 30 na 45 ya wanaume, na kati ya asilimia 2 na 10 ya wanawake, walijua kusoma kwa kiwango fulani. Makadirio hayo yalizua ubishi, na kiini cha ubishi ni hayo maneno mawili, "kiwango fulani". Ndani yake yumo mwenye duka anayesoma majina ya wadeni wake na bei ya mchele lakini hawezi shairi hata mstari mmoja. Yumo mkulima aliyesoma misimu miwili ya baridi, shamba likiwa limelala. Yumo pia hakimu wa wilaya.

Mtoto wa Kichina alianza na vitabu vitatu: kimoja cha mistari ya herufi tatu tatu, kimoja cha majina ya koo, na kimoja cha herufi elfu moja. Alivighani kwa sauti mpaka vikamkaa kichwani, maana akaelezwa baadaye, pengine asielezwe kabisa. Akivimaliza vyote ana herufi kama 2,000. Nani anathubutu kumwita huyo hajui kusoma? Na nani atampa tahariri ya Shenbao aielewe? Ukimpa ukurasa wenye picha, hali inabadilika. Anatambua herufi ya "moto", anatazama chini anaona nyumba inaungua, anarudi juu anaitafuta herufi iliyo jirani, na jicho linapanda na kushuka. Picha haijamwondolea kazi ya kusoma. Imempa mahali pa kukanyaga anapoifanya.

Wachina walilijua hilo zamani sana. Kuna kitabu kidogo cha watoto ambacho nakala yake ya mwaka 1436 ingalipo hadi leo, chenye picha 306 na herufi 388. Hakina hadithi wala nasaha. Kina kitu na jina lake, kitu na jina lake: vyombo vya nyumbani, zana, nguo, wanyama, hata ile fremu ya shanga wanayohesabia wafanyabiashara. Ulaya hujivunia kitabu cha picha cha Comenius cha 1658 kama mwanzo wa mambo. Hicho cha Kichina kimekitangulia kwa miaka zaidi ya 200. Wachapaji wa jimbo la Fujian nao, tangu miaka ya 1320, walikuwa wakitoa visa vya vita vya kale vya Falme Tatu vyenye picha juu na maandishi chini katika kila ukurasa. Major alipofika hakukuta watu wasiojua picha. Alikuta watu waliozoea kusoma hivyo hivyo, akawaletea habari za kila siku kumi.

Aliwahi kukosea, na kosa lenyewe linafundisha. Mwaka 1877 nyumba yake ya uchapaji ilijaribu kuuza jarida lenye picha zilizochorwa Uingereza na maelezo ya Kichina. Lilikufa baada ya matoleo machache. Miaka saba baadaye alirudi na wachoraji wa nyumbani, wakati huohuo Wafaransa na Wachina wakipigana kule Tonkin, kaskazini mwa Vietnam, na watu wakizigombea picha za vita. Katika utangulizi wa toleo la kwanza alieleza kwamba mchoraji wa Magharibi hutafuta mfanano na wa Kichina hutafuta uzuri. Ni ulinganisho wa mfanyabiashara, umekatwa kwa panga, lakini uliuza.

Jiwe lilimsaidia. Herufi za risasi kwa Kichina ni mateso: unahitaji maelfu ya aina, na makabati ya kuzipangia. Chapa ya jiwe haijali. Kinachochorwa kwa mkono kinatoka kama kilivyochorwa, wino wa mafuta ukishika pale pasipo na maji. Msomaji wa pwani yetu ataelewa haraka, kwa kuwa misahafu ya chapa ya jiwe kutoka Bombay ilipendwa kwa sababu hiyohiyo, khati ilibaki khati.

Lakini utajiri wa nyumba ya Major haukutoka kwenye picha. Ulitoka kwenye vitabu vya watahiniwa. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716, yenye herufi zaidi ya 47,000, waliipiga picha, wakaipunguza, wakaihamishia kwenye jiwe, ikawa kitabu cha kubebeka mkononi. Simulizi za Shanghai zinasema chapa ya kwanza, nakala 40,000, iliisha ndani ya miezi michache. Ya pili, 60,000, iliangukia msimu ambao watahiniwa walikuwa wakipitia Shanghai kwenda Beijing, na kila mmoja akajichukulia tano au sita, za kwake na za kuwapa jamaa. Jiwe lilelile lililochapa kamusi ya mtihani ndilo lililochapa ndama mwenye vichwa viwili.

Maana ndama huyo hakukosekana. Bingwa wa wachoraji, Wu Youru, alikuwa mtu wa Suzhou aliyekimbilia Shanghai vita vya waasi wa Taiping vilipoufikia mji wake mwaka 1860. Alikuta mji ambao wenyewe ulikuwa ukimlazimisha mtu kutumia macho upya: taa za gesi tangu 1865, riksho kutoka Japani tangu 1874, umeme 1882, maji ya bomba 1883, na kila hatua kibao cha duka kikining'inia na herufi zake za dhahabu. Yeye na wenzake walichora kila kitu. Makahaba wakipita na magari ya farasi. Puto la hewa moto. Mzimu wa mbweha. Daktari wa Suzhou na mashine ya kuona mifupa ya mtu aliye hai, ambayo jarida liliiita kioo cha ajabu. Mwandishi wa leo angevitenganisha, sayansi huku, ushirikina kule. Jarida liliviweka jirani, kwa mstari uleule mwembamba na muhuri uleule mwishoni, na sidhani lilifanya hivyo kwa ujinga. Mtu aliyeona taa ikiwaka bila mafuta angekataa kwa hoja gani kwamba mbweha hageuki mwanamke?

Lu Xun, mwandishi ambaye Wachina humtaja kwa heshima kuliko wengi wa karne iliyopita, alimzungumzia Wu Youru mwaka 1931. Alikiri kwamba jarida lile lilienea majimboni na kwamba waliotaka kujua mambo ya dunia mpya walilifanya macho na masikio yao. Kisha akapiga. Mama wa danguro akimtesa binti, mhuni akimlaghai mgeni, hayo Wu aliyachora sawasawa, kwa kuwa Shanghai aliyaona mpaka akachoka. Mpe manowari, akuchoree meli ya mizigo yenye mizinga ya nchi kavu imepangwa juu ya sitaha. Mpe pambano la heshima la Wazungu, akuchoree maofisa wawili wenye sare za sherehe wakikatana mapanga sebuleni, na chombo cha maua kimeanguka kikavunjika.

Chombo hicho cha maua kinanisumbua kuliko meli. Meli ni kosa la mtu asiyejua. Chombo cha maua ni nyongeza ya mtu anayejua kazi yake: anajua kwamba kipande kimoja kinachovunjika mbele ya macho kitakufanya uamini vyote vilivyobaki. Hapa ndipo wale wa "picha kwa wasiojua kusoma" wanaponiudhi zaidi, kwa sababu wanadhani anayesoma ana kinga. Julai 1894 jeshi la China lilipigwa na Wajapani karibu na Asan, Korea. Jarida likatoa picha yenye kichwa kinachotangaza ushindi mkubwa wa Asan: Wajapani wanatimuliwa, bendera za China ziko juu. Juu yake yalikuwapo maelezo ya kisomi, fasaha, ya kutosha kumridhisha mwenye shahada. Waliodanganyika hawakuwa makuli. Ni watu wa kamusi ya Kangxi.

Aliyetaka kweli kumfikia kuli alilazimika kufanya mambo mengine kabisa, na alifanya Beijing, si Shanghai. Mwaka 1902 Peng Yizhong alianzisha huko jarida la picha la watoto, Qimeng huabao, jina lenye maana ya kuwafungua akili wanaoanza. Alikiacha Kichina cha kale, akaandika kama watu wanavyosema mtaani. Mwanafalsafa Liang Shuming, aliyezaliwa 1893, alikumbuka uzeeni kwamba sehemu kubwa ya alichokijua utotoni alikitoa humo. Lakini Liang alikuwa mtoto wa ofisa, na baba yake alikuwa akimsaidia Peng kwa fedha. Hata lugha rahisi ilianza kwanza kwa watoto wa wenye nafasi.

Ndiyo maana mwaka 1904 Peng akaongeza gazeti la kila siku la lugha ya mtaani, Jinghua ribao, na wapenzi wake wakalibandika kwenye mbao barabarani, wakafungua vyumba vya kusomea bure na vituo vya kulihubiri kwa sauti. Alikuwapo msimulizi mmoja wa mitaani ambaye Beijing yote ilimwita Guo Mlevi. Peng alimwajiri asimame njiani awasomee watu gazeti na kuwafafanulia. Ukitaka kujua jinsi habari zilivyomfikia asiyejua herufi hata moja, usitafute picha. Mtafute Guo. Mtu huyo hakuwahi kuingia kwenye takwimu yoyote ya kujua kusoma, na waliomsikiliza nao hawakuingia. Peng mwenyewe aliishia kuhukumiwa uhamisho Xinjiang baada ya serikali kulifunga gazeti mwaka 1906, jambo linaloonyesha serikali iliogopa nini hasa. Dianshizhai huabao halikuwahi kumfikisha mtu huko.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Kamera ililiua jiwe. Mwaka 1926 Shanghai ilipata Liangyou, jarida la picha za kamera, mwigizaji Hu Die akiwa kwenye jalada la kwanza. Mitaani vikatapakaa vitabu vidogo vya hadithi za picha, vya kukodi kwa sarafu kidogo, unasoma umekaa kibarazani na kurudisha. Neno huabao halikufa. Serikali ya 1949 ililichukua kwa jarida lake la picha, ambalo baadaye lilitolewa hadi kwa Kiswahili. Kurasa zake zilikuwa ngumu na zenye kung'aa, na nyumbani kwetu zilifunika madaftari ya shule. Nilimaliza hesabu za darasa la tatu chini ya picha ya daraja ambalo sikuwahi kusoma jina lake.

Narudi kwa Lu Xun, kwa sababu kuna mambo aliyoyaandika kuhusu utoto wake ambayo ni mazito kuliko hukumu yake juu ya Wu Youru. Alizaliwa Shaoxing mwaka 1881, nyumba ya wasomi. Akiwa mdogo alisikia habari za kitabu cha kale cha milima na bahari chenye picha za viumbe wa ajabu, mwenye uso wa mtu na mwili wa mnyama, nyoka wa vichwa tisa, na akakitamani mpaka akawa hana raha. Wakubwa wote waliokuwa wanajua kusoma hawakumjali. Aliyemuuliza kitabu hicho ni kitu gani ni yaya wake, A Chang, mwanamke asiyejua herufi, na mtoto akamweleza tu kwa kuwa ameulizwa, akijua haitasaidia.

A Chang akaenda likizo kwao. Siku chache baadaye akarudi na furushi la karatasi, akamwambia amemnunulia, na jina la kitabu akalitamka kombo. Ndani mlikuwa na vijitabu vinne, karatasi ya njano, chapa mbaya, mistari imenyooka mpaka macho ya wanyama yakawa ya pembe nne. Nyoka wa vichwa tisa alikuwemo.